Bahasha za Mama Ipyana

Kabati hufunga karatasi, mtu hufungwa na wema.

Jana mlimsikia mjomba akimwambia bwana harusi maneno hayo, pale bwana harusi aliposema kwamba vyeti vya mkewe atavitunza yeye. Watu wakacheka, na ninyi mkacheka. Leo tunamenya ndizi mnaniuliza neno lile lilitoka wapi. Halikutoka mbali, wajukuu zangu. Lilianzia hapa hapa Tukuyu, ofisini kwenye shule, saa nne ya asubuhi, na mimi nilikuwepo nimeshika birika. Endeleeni kumenya, nitawaambia.

Kulikuwa na shule ya msingi ya binafsi kule juu, njia ya kwenda kwenye mashamba ya chai. Mwenye shule tulimwita Mama Ipyana. Mimi nilikuwa mpishi wake. Elimu yangu ni darasa la saba, na siku niliyokwenda kuomba kazi hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama najua kupika makande yakaiva.

Walimu ndio waliulizwa. Mwalimu akiajiriwa alileta vyeti vyake halisi, siyo nakala. Mama Ipyana alivitia kwenye bahasha, akaandika jina, akavifungia kwenye kabati la chuma. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba. “Utavipata siku utakayoniaga vizuri,” alikuwa akisema. Lakini kila aliyekwenda kuaga aliambiwa asubiri mwaka uishe, na mwaka ukiisha aliambiwa asubiri mwalimu mwingine apatikane.

Msimwone mbaya. Mwaka wake wa kwanza, mwalimu wa darasa la nne aliondoka siku ya Jumanne bila kusema neno, na watoto wakaingia kwenye mtihani hawana mtu. Wanawake wa sokoni walimsema mpaka akawa anatuma watu kumnunulia mboga. Tangu hapo akaingiwa na hofu ya kuachwa. Halafu vile vyeti alivitunza kuliko nguo zake. Mvua za kwetu mnazijua, kiatu ukikiacha wiki moja kinaota ukungu. Yeye kila baada ya siku chache alivitoa vyeti, akavifuta kwa kitambaa kikavu, akavirudisha. Moyoni mwake alijua kabisa kwamba anawatunzia watu mali yao.

Basi kulikuwa na Mwalimu Tupokigwe wa darasa la kwanza. Binti mpole, mrefu, ana kicheko cha kuficha mdomo. Mtoto aliyeshindikana kwingine, kwake alisoma. Mwaka ule baba yake kule Kyela alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukakataa kabisa. Mama yake alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mzee akawa analishwa na jirani. Mungu si mchoyo, ajira za serikali zikatoka, na Tupokigwe akapangiwa shule ambayo kutoka kwa baba yake ni mwendo wa kuchemsha chai. Sharti lilikuwa moja: afike Kyela kabla ya Ijumaa kwisha, na vyeti vyake halisi mkononi. Asipofika navyo, nafasi anapewa mwingine.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Alikwenda kuviomba.

“Mkataba ulisaini mwenyewe,” Mama Ipyana alimjibu. “Mwaka ukiisha.”

Akaja jikoni kwangu, akakaa juu ya gunia la mahindi. Hakulia. Aliangalia moto tu.

“Dada Sekela,” akasema, “baba yangu anasubiri kijiko cha jirani. Jirani akienda shamba, hali.”

Jumatano aliomba ruhusa, akapanda gari mpaka Mbeya kwa afisa kazi, akamuuliza: je, mwajiri ana haki ya kukaa na cheti changu? Yule afisa alimwambia mwajiri anaweza kukiona cheti halisi, akahakikisha si cha kughushi, akatoa nakala, kisha anarudisha. Cheti ni cha yule mwenye jina. Kusaini karatasi hakukifanyi kiwe cha mwingine. Akamwandikia barua, kwamba Mama Ipyana akikataa aje mwenyewe kujieleza.

Alhamisi asubuhi Tupokigwe alinionyesha ile barua.

“Naingia kumpa sasa hivi, dada.”

“Barua unayo, haitaoza,” nikamwambia. “Nipe mpaka chai ya saa nne.”

“Utamwambia nini?”

“Sijui. Nitamimina polepole.”

Nilipoingia ofisini nilikuta kabati liko wazi na bahasha zimetandazwa mezani, maana mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mama Ipyana alikuwa na kitambaa chake. Nikaweka kikombe, nikaanza kumimina, huku nahesabu kwa macho.

“Mama,” nikasema, “walimu tunao sita. Mbona bahasha ni kumi na tano?”

“Ni za zamani.”

“Hii ya nani?”

“Gwamaka.”

“Mwalimu Gwamaka si yuko Chunya?”

“Nasikia.”

“Na hii?”

“Subilaga. Aliolewa Songea, kwani hujui?”

“Na hiyo hapo?”

Aliishika, hakusoma kwa sauti. Niliona jina mwenyewe: Ambilikile. Huyo aliondoka alfajiri na begi moja, akaacha hata kikombe chake cha chai. Alikwenda polisi kuapa kwamba vyeti vimepotea, akaanza upya kuhangaikia vingine. Kila mtu alijua, ila hakuna aliyemwambia Mama Ipyana.

Kikombe kilikuwa kimejaa. Nikasimama na birika langu.

“Tisa wamekwenda, Mama,” nikasema taratibu. “Na kufuli lilikuwepo. Sasa lilimshika nani?”

Akanigeukia kwa hasira, kama mtu aliyekanyagwa.

“Na wewe je? Humu sina hata kipande cha karatasi yako. Miaka kumi na moja! Mbona wewe huondoki?”

“Mama, nilipomzika mume wangu Lugano, nani alilala kwenye mkeka wangu siku tatu?”

Akashusha macho kwenye bahasha.

“Na wiki nzima nilipokuwa siwezi kusimama, nani alinipikia hapa shuleni nisije nikakosa kazi?”

“Nilipika mimi,” akasema, sauti imeshuka. “Watoto walilalamika wiki nzima.”

“Ugali ulikuwa na mabonge, Mama.”

Akacheka. Alicheka hasa, akaweka kitambaa usoni, na alipokitoa kilikuwa kimelowa. Kile kitambaa cha kukaushia vyeti.

“Niitie Tupokigwe,” akasema.

Tupokigwe akaingia, barua ameikunja kiganjani.

“Hiyo imetoka serikalini?”

“Ndiyo, Mama. Kwa afisa kazi.”

“Inasema nini?”

“Inasema cheti ni changu.”

“Inasema kweli.” Akaichukua bahasha yenye jina lake, akampa kwa mikono miwili. “Angalia kama hakijaingia unyevu.”

Tupokigwe akakitoa, akakigeuza huku na huku. “Ni kizuri, Mama. Ni kama siku niliyokileta.”

“Na darasa la kwanza…” Mama Ipyana akaanza, halafu akajizuia. “Nenda, mwanangu. Usichelewe gari. Msalimie baba.”

Ijumaa ile darasa la kwanza alisimama Mama Ipyana mwenyewe na chaki. Nilimsikia kutoka jikoni akiimba herufi, watoto wakimsahihisha.

Jumatatu, saa moja kasoro, nawasha moto, nikaona mwavuli unapanda njia. Alikuwa Tupokigwe. Mama Ipyana alitoka mpaka barazani.

“Umesahau nini?”

“Sijasahau kitu, Mama. Nimepokelewa. Nimepewa wiki mbili za kujiandaa, na shangazi amekuja kumwangalia baba. Watoto wangu wamebakiza herufi nne. Siwezi kuwaacha njiani.”

Mama Ipyana alimpokea mwavuli, akaukung'uta maji yeye mwenyewe.

Wiki hiyo alirudisha bahasha zote. Walimu waliobaki aliwapa mkononi, na wale tisa akawatafuta mmoja mmoja, wengine kwa barua, wengine kwa watu wanaosafiri. Sitawadanganya, mwalimu wa michezo alipopata chake aliondoka siku ya pili yake. Mama Ipyana alimchemshia ndizi za njiani. Wengine wanne walibaki.

Wiki mbili zilipokwisha tulimsindikiza Tupokigwe mpaka stendi, mimi na Mama Ipyana, na kapu la viazi vya baba yake. Gari likaondoka. Mama mmoja muuza maparachichi, mmoja wa wale waliomsema zamani, akapaza sauti ili wenzake wasikie:

“Haya, Mama Ipyana! Nasikia vyeti umegawa vyote. Mwalimu mzuri vile unamwachia hivi hivi? Watakukimbia wote, ubaki na kabati lako!”

Wenzake wakacheka. Mimi nikainama, nikijua jinsi maneno yale yalivyomtesa miaka yote. Lakini yeye alikuwa bado anaangalia gari linavyoteremka kuelekea Kyela, na mkono wa Tupokigwe dirishani, hauachi kupunga. Akaiweka sawa kanga yake begani, akamjibu bila haraka, kama mtu anayetaja bei anayoijua:

“Dada yangu, kabati hufunga karatasi. Mtu hufungwa na wema.”