Jina la Mtoto wa Baridi

Sogeeni jikoni, fungeni mlango, kisha mnitegee masikio, maana leo lazima mtu aamue!

Huko milimani Rungwe walikuwako dada watatu. Subilaga alikuwa na mwili wa moto. Hata kwenye baridi ya Juni alijipepea kwa kanga. Tumpe, msuka mikeka, alitembea peku, na nyayo zake zilijua kila ardhi. Tupokigwe alifuma kofia za sufu, ndogo mno hata watu wakamuuliza kama ni za kuku.

Kaka yao Ambakisye alijenga nyumba mpya, sakafu ya saruji inang'aa, anaringa nayo kijiji kizima. Asubuhi moja ya ukungu mkewe, Lugano, akajifungua humo kabla ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo jamani! Midomo ikaanza kugeuka buluu. Lugano alikuwa hoi kwa homa kwenye kitanda chembamba, kimoja tu humo ndani, na muuguzi aliyeitwa amekwama njiani kwenye matope.

Ambakisye akalia, "Atakayemwokoa mwanangu, mtoto ataitwa jina lake!"

Subilaga akaketi sakafuni, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Joto likaanza kumwingia. Lakini saruji nayo ilikuwa ikimnyonya Subilaga joto kutoka chini, na punde meno yake yakagongana.

Tumpe alipokanyaga tu, nyayo zikamwambia. "Kaka, sakafu yako inamla mtoto!" Akaleta mzigo wa majani makavu.

"Majani ya ng'ombe juu ya saruji yangu?"

"Hebu pisha!" Akatandika, akaweka mkeka juu. Joto likakosa pa kushukia, Subilaga akaacha kutetemeka.

Upepo uliopenya mlangoni bado ulimpiga mtoto mgongoni. Tupokigwe akavua sweta, akawafunika wote wawili, akatoa moja ya zile kofia za kuku. Ikamtosha mtoto kichwani!

Muuguzi alipofika, mtoto alikuwa analia mpaka bati linavuma. Furaha iliyoje!

Ndipo ugomvi ukaanza.

"Bila mwili wangu, mngefunika baridi tupu," alisema Subilaga.

"Bila majani yangu, joto lako lote lingeishia kwenye saruji," alisema Tumpe.

"Na bila sufu yangu, lingechukuliwa na upepo," alisema Tupokigwe.

Lugano akainua kichwa. "Mimi sitamwita mwanangu majina matatu. Nataka moja."

Basi mtoto analia, hana jina, na baba yake amekodoa macho. Wewe hapo mlangoni, kabla hujafungua ukatuingizia baridi: ungemwita nani?