Vishikio vya Mama Mshonaji

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana yake ni kuwa msaada usiofikika wakati wa shida, hata uwe mzuri namna gani, ni sawa na kukosa msaada. Mchomeleaji mmoja hodari aliijua methali hiyo tangu shuleni, lakini alikuja kuielewa bafuni kwa mama yake.

Mama huyo, mshonaji mstaafu, aliishi peke yake na alipenda hivyo. Siku alipoteleza bafuni na kuchubuka kiwiko, mwanawe alimpa sharti: aweze kuoga salama bila kushikwa mkono, la sivyo ahamie kwake. Mama alinyong'onyea. Kwa mwana ni kuzuri, lakini si kwako.

Mwana hakukaa bure. Aliunda vishikio vitatu vya chuma, akavifunga ukutani kwa skrubu ndefu, akavishika kimoja kimoja huku kichwa kimemvimba kwa fahari.

Mama alipoingia kuvijaribu, cha chini kabisa kilikuwa usawa wa sikio lake.

"Mwanangu, hapa nioge au nining'inie kama popo?"

"Lakini mama, nimepima vizuri."

"Umempima nani?"

Mchomeleaji akaona haya. Alikuwa amejipima mwenyewe, naye ni mrefu kama mnazi.

"Miaka arobaini nimeshona," mama alisema, "na sijawahi kumkatia mteja gauni kwa kipimo changu."

Akatwaa chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaipaka viganjani, akarudi bafuni na nguo zake mwilini. Aliketi chooni, akainuka. Akavuka kizingiti, akainama kana kwamba anaokota sabuni. Kila alipoyumba, kiganja kilikimbilia ukutani chenyewe. Alipotoka, alama nyeupe zilikuwa zimejaa usawa wa kiuno, pembeni, mahali ambapo mwana hakupafikiria kamwe. Mwana akang'oa vyuma vyake, akatoboa upya penye chaki.

Kesho yake asubuhi mama alioga huku mwana amesimama nje ya mlango, roho mkononi. Ndani kulikuwa na wimbo. Ghafla ukakatika.

"Mama?"

"Nimeteleza kidogo, mkono ukakikuta chuma. Nenda kazini bwana, mimi sihami."

Wimbo ukaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Mwana alicheka mpaka machozi ya furaha yakamtoka, akaondoka akimwachia mama nyumba yake. Ama kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.