Jina la Mtoto wa Sikudhani

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana lami ilikuwa imeshafika Kwamaizi, palikuwa na mama akiitwa Sikudhani. Lami ile waliishangilia wiki nzima, kisha yakaanza mazishi. Magari yalishuka mteremko kama yanafukuzwa na nyuki, na shule iko ng'ambo ya pili.

Asubuhi moja mpira ulimponyoka bintiye, Mwanahawa, naye akaufuata mbio barabarani. Lori la nyanya la Ngwali hilo linateremka! Breki zikalia. Lori likasimama, mtoto angenyoosha mkono angeligusa.

Sikudhani, mimba imemwelemea, akapiga magoti palepale, akala kiapo mbele za watu: "Nitakayemzaa, nitampa jina la aliyemwokoa mwanangu!"

Kuapa si kazi, kazi ni kutimiza. Akajifungua mtoto wa kiume, na siku ya kumpa jina wenye jina wakafika kabla pilau halijaiva.

Mwenyekiti wa kijiji, Mwinjuma, akatangulia kukohoa. "Jina ni langu. Nani alihangaika mpaka kibao cha mwendo wa hamsini kikasimama pale? Ngwali alikuwa na hamsini. Angekuwa na mia, tungesoma hitima."

Watu wakatazamana. Kibao kile walikiheshimu mbuzi tu, waliokuja kujikunia.

Mwalimu Zuberi akadakia. "Jina ni langu. Huyu Ngwali udereva nimemfundisha mimi, nikamwimbia mpaka akanichukia: ukiona mpira, kanyaga breki, mwenyewe yu nyuma. Muulizeni."

"Kweli," Ngwali akasema. "Mpira niliuona, mguu ukaenda wenyewe. Lakini nisiwafiche, jamani, pale huwa napita na mia. Siku ile Shomari aliniwashia taa, kwamba mbele kuna polisi na tochi ya kupimia mwendo. Nikaogopa faini, ndipo nikakitafuta kibao."

Shomari, dereva mwenzake, akacheka. "Polisi gani? Mimi nilikuwa nimeshauza nyanya zangu, nikataka zake zikute soko limelala. Nia yangu ilikuwa mbaya, sikatai. Lakini kibao kilikuwepo, masomo yalikuwepo, na bado mlizika watu. Jina ni langu."

Sikudhani alimchukia mtu yule.

"Mwite Zuberi, mwanangu, yaishe," mama mkwe akamnong'oneza. "Uongo wa Shomari umeshajulikana. Kesho nani atapunguza mwendo kwa kuwashiwa taa?"

"Mama, sikuapa kumtaja mtu mwema. Niliapa kumtaja aliyemwokoa."

Shehe akamwinamia mtoto. "Haya, mama, jina?"

Sikudhani akafumbua mdomo, na mimi naufumba wangu. Mtoto analia, pilau linapoa. Enyi mnaonisikiliza, hasa nyinyi mnaopita pale na mia: je, kati ya hao, nani alistahili?