Sufuria ya Mtachoka

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali hii ya karibu ambayo simu zilikuwa zimeshapanda milimani, palizuka shauri ambalo anayewasimulia amelipima akiwa ameshiba, akalipima akiwa na njaa, na mpaka leo hajalipatia jibu. Analileta kwenu. Likiwashinda na ninyi, basi tutakuwa wengi.

Katika kijiji kimoja cha Upareni aliishi mjane aitwaye Nakundwa. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabla ya msitu, na msituni walikaa nyani. Nyani wa huko hawamwogopi mwanamke. Mwanamume akitokea, wanakimbia. Mwanamke akitokea, wanaendelea kumenya mahindi huku wakimtazama kama mgeni aliyechelewa chakula.

Mume wa Nakundwa alipofariki, jirani yake Kajiru alisema mbele za watu, "Shamba lile litamchosha. Mtaona, atauza." Nakundwa alitafuta mtoto wa mbwa, akamlea, akampa jina: Mtachoka. Huko kwao ndivyo majirani wanavyojibizana bila kugombana. Mtu humwita mbwa wake, na anayehusika akasikia. Kila jioni Nakundwa alisimama uani, uso umeelekea kwa Kajiru, akaita kwa sauti tamu, "Mtachokaaa! Njoo ule, Mtachoka!" Na kila jioni Kajiru alifunga dirisha.

Mtachoka akakua, nyani wakamjua. Sifa zake zikashuka mpaka vitongoji vya chini, watu wakaomba awapandie majike wao. Desturi ikafuatwa, kwamba mwenye dume hupewa mtoto mmoja. Nakundwa akaletewa kitoto cha rangi ya kahawa, masikio ya baba yake.

Mwaka huohuo, mahindi yakianza kubeba, Mtachoka akaacha kula. Daktari wa mifugo akaja na pikipiki, akapapasa uvimbe ubavuni mwa mbwa, akamgeukia Nakundwa.

"Mama, hii ni saratani. Imeshaenea, kisu hakitasaidia. Lakini akila vizuri anaweza kuyaona mavuno. Mpe nyama laini na mayai, vipikwe, na mafuta kidogo. Ugali na mahindi mpunguzie. Chumvi usitie. Vitunguu kamwe, na mifupa iliyopikwa kamwe."

Akawasha pikipiki, akaizima tena. "Na kubwa kuliko yote, ale. Chakula kizuri kilichobaki kwenye bakuli hakijamponya mbwa yeyote."

Nakundwa alimtazama mbwa, akayatazama mahindi. Kisha akasema, watu wakiwapo, "Atakayemfanya huyu ale mpaka mahindi yaingie ndani, mtoto wa mbwa huyu atakuwa wake. Na jina atampa mwenyewe." Watu wakacheka. Halafu wakakumbuka nyani, wakaacha kucheka.

Wa kwanza alikuwa Namsifu, mkamwana wa Nakundwa. Maneno ya daktari aliyashika yote. Alichemsha maini ya kuku, akaponda na yai, hakutia chumvi, akapasha moto mpaka harufu ikajaa jikoni. Akampelekea mbwa nyuma ya jiko, mahali pa utulivu panapomfaa mgonjwa. Mbwa akanusa, akatikisa mkia kwa adabu, akalala. Asubuhi akapika tena, akampelekea tena. Mbwa akanusa, akatikisa mkia, akalala.

Mumewe Elisante, aliyekuja Jumamosi kutoka mjini, alichungulia sufuria. "Mke wangu, ningeugua mimi ningepikiwa hivi?"

"Wewe ungefukuza nyani?"

Elisante akaenda kula makande yake ya mahindi na maharage.

Wa pili alikuwa Mzee Mfinanga, shemeji wa Nakundwa. Alikuja na bakuli la makande kutoka kwake, akaliweka chini. Mbwa akainuka, akala. Akalamba na bakuli.

"Baba mdogo!" Namsifu akapiga kelele. "Daktari amekataza mahindi!"

"Daktari amesema ale. Mtazame, anafanya nini?"

"Na vitunguu?"

"Nimevitoa kimoja kimoja, miwani machoni. Mke wangu hajawahi kufanyiwa hivyo."

"Na mchuzi wake, nao umeutoa?"

Mzee Mfinanga akalitafuta jibu ndani ya bakuli, na bakuli lilikuwa tupu. Lakini jioni ile Mtachoka alisimama, akabweka, nyani wakarudi nyuma. Kwa siku chache mambo yakaenda hivyo. Kisha tumbo likamvuruga, akaanza kukonda huku anakula, na mwishowe hata makande akayapa mgongo.

Wa tatu alipiga hodi, na Nakundwa alipofungua mlango, akaduwaa. Alikuwa Kajiru.

"Mama Elisante, mbwa wako ananinyima usingizi."

"Mbwa wangu habweki, jirani."

"Ndilo hilo. Habweki. Jana nyani wamefika kwangu."

Kajiru aliomba sufuria ya Namsifu, ileile ya maini. Akauliza, "Huyu alikuwa anakula wapi alipokuwa mzima?" Nakundwa akaonyesha kizingiti. Miaka yote alikula pale sahani ikiwa magotini, mbwa miguuni pake. Tangu ugonjwa uingie, walikuwa wamemtenga nyuma ya jiko kwa heshima, kama wanavyowatengea wagonjwa wao, asisumbuliwe. Kajiru akaketi kizingitini. Ikabaki kumwita mbwa.

Akakohoa. "Mta..." Akakohoa tena.

"Sema tu, jirani," Nakundwa alisema. "Ana jina."

"Mtachoka," Kajiru akasema, taratibu. "Njoo tule."

Mbwa akaja akijikokota. Kajiru akachota tonge la maini yasiyo na chumvi, akalitia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna kwa uso wa mtu anayekunywa mwarobaini. Tonge la pili akamwekea mbwa. Mbwa akamtazama, akala. La Kajiru, la mbwa. La Kajiru, la mbwa. Na kesho yake hivyohivyo, na siku zote zilizofuata, na dirisha lake halikufungwa tena.

Mahindi yakakomaa. Mtachoka alilala ukingoni mwa shamba, hakimbii tena, lakini sauti ilikuwapo, na nyani hawakwenda karibu kuhakikisha. Mahindi yakaingia darini. Siku ya kupukuchua, wale watatu wakaketi kuzunguka mkeka, kila mmoja jicho moja kwenye gunzi na jingine kwa kitoto cha mbwa.

"Chakula ni changu," alisema Namsifu. "Baba Kajiru angekaa kizingitini na sufuria tupu, wangekula upepo?"

"Alipokuwa amekataa kila kitu, nani alimwinua?" alisema Mfinanga. "Bila makande yangu, Kajiru angepiga hodi msibani."

"Mimi," alisema Kajiru, "nimekula maini bila chumvi mpaka mke wangu akaniuliza kama nami nimepimwa."

Nakundwa alicheka mpaka akafuta macho. Aliendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha, maana Mtachoka alikuwa amelaza kichwa mguuni pake na kichwa kilikuwa chepesi.

Daktari alipita jioni ile, akampapasa mbwa tena. "Mavuno ameyaona, mama. Siku zilizobaki, mpeni anachokipenda."

Anachokipenda! Wote wakamgeukia Mzee Mfinanga, naye akainamisha uso kama bibi harusi.

Ikaamuliwa apikiwe makande. Aliyeyapika ni Namsifu, kwa mikono ileile iliyoyakataza, na kitunguu hakikuonja sufuria ile. Mfinanga alichambua maharage, miwani machoni. Kajiru alisimama uani akaita, "Mtachokaaa!", akasikika mpaka kwake, wala hakukohoa. Nakundwa akaketi kizingitini, sahani magotini. Mbwa akala kidogo, akalala na mkia ukitikisika.

Na kitoto? Kilikuwa kimelala juu ya magunzi, hakina jina, na kila mmoja wa wale watatu alikuwa na jina lake moyoni, majirani wakiomba lisije likawasema wao. Nakundwa aliwatazama mmoja mmoja, akasema, "Kesho."

Kesho hiyo ndiyo mnayokabidhiwa leo. Mmoja alipika kinachofaa, kisiliwe. Mmoja alileta kisichofaa, kikaliwa. Mmoja hakupika wala hakuleta, alikula tu. Je, nani alistahili mtoto wa Mtachoka?