Sifa za Bibi, Njaa ya Mjukuu

Nikupeni mfano, waumini wenzangu, na msiangalie saa, futari haikimbii.

Palikuwa na bibi mmoja mwenye fahari zake. Wajukuu zake walianza kufunga wangali wadogo, na kila aliyetimiza siku yake ya kwanza, bibi alipika kaimati akapeleka kwa majirani, wajue. Alibaki binti wa miaka saba, ambaye daktari alimkataza kukaa na njaa.

Mama yake ameeleza mpaka kachoka. Ini la mtu mwenye afya huweka akiba anapokula, na akifunga humtolea sukari na kuyageuza mafuta yawe nguvu. Lakini kazi hiyo nayo inataka nguvu, na nguvu hutengenezwa na vinu vidogo mno ndani ya chembe za mwili, madaktari wanaviita mitokondria. Vya binti huyu vina hitilafu tangu kuzaliwa. Akikosa chakula, sukari ya damu inashuka, mafuta yanajazana kwenye ini, na anaweza kufa. Bibi alisikiliza, akaguna. Ini analolijua yeye ni la kukaanga na vitunguu.

Basi siku moja mama yuko kazini, bibi akamwambia mjukuu ajikaze mpaka adhuhuri tu, kama wenzake. Mtoto apenda kusifiwa, akajikaza. Adhuhuri haijafika, mwili ukamlegea, jasho likamtoka, anaitwa haitiki. Bibi akapiga ukelele, majirani wakamkimbiza mtoto hospitali, akatiwa dripu ya sukari. Bibi alikaa pale kando ya kitanda.

Mtoto akafumbua macho. "Bibi, nimefika adhuhuri?"

Bibi akaangua kilio.

Mtoto alipopona, majirani wakamwona bibi barazani mchana kweupe, mwenyewe amefunga, midomo imemkauka, anamlisha mjukuu wali kwa mkono wake. Jirani mmoja akamtania, "Bibi, siku hizi watu wanafuturu mchana kwako?"

Akainua kichwa kwa madaha. "Mtazame anavyokula," akasema. "Wale wengine walifunga, nikawasifu. Huyu anapambana kila siku ya Mungu ili aishi. Hakuna anayenipa fahari kama huyu."

Sasa sisi. Tunapomwambia mgonjwa wetu ajikaze ili watu wasiseme, njaa ni ya nani, na sifa anachukua nani? Mola amemsamehe mgonjwa. Wewe ni nani usimsamehe? Leo mmoja wenu atarudi nyumbani amkute mwanawe mgonjwa ameshakula. Akae karibu naye, amshukuru Mola kwa kila tonge lililopita kooni. Na jirani akiuliza, ajibu kwa sauti kama yule bibi, mtaa mzima usikie.