Kidari cha Dada

Wamesimulia waliotutangulia katika imani kwamba, Injili ilipokuwa ngeni katika milima ya Upare, mjane mmoja aitwaye Nakijwa alibatizwa, na ukoo wake ukamkana. Hakuwa na mtoto. Majirani walimsalimu kwa mbali, kama mtu amsalimuye mwenye ndui.

Kijijini pale mnyama alipochinjwa, nyama iligawiwa kwa udugu: shingo kwa mjomba, mguu kwa baba, kidari kwa dada. Asiye na ndugu hakuwa na fungu.

Siku ya Pasaka waumini walichinja mbuzi uani mwa kanisa. Mgawaji alikuwa Mzee Elinaza, mcha Mungu, lakini mkono wake ulifuata njia uliyoizoea. Aliita ukoo mmoja mmoja. Nakijwa alisimama na jani lake la mgomba mpaka watu wakatawanyika, asiitwe. Akalikunja jani, akarudi nalo tupu. Hakumlaumu mtu, ila njiani alijiuliza: hata kwa Mungu Baba sina fungu?

Jioni mdogo wake, Mrindoko, alipiga hodi, akiwa na kidari kutoka nyumbani kwao.

"Dada, nasikia ndugu zako wa kanisani wamekushibisha jani!" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Chukua, ule. Wazee wanasema utamke tu kwamba ule ubatizo ulikuwa mchezo, urudi nyumbani. Nani atakuzika, dada?"

Nakijwa aliitazama nyama, akamtazama na mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemlea mgongoni.

"Mwana wa mama, njaa ninayo, na upweke ninao. Lakini nikisema ulikuwa mchezo, nitakuwa nimekudanganya wewe na kumkana Yeye. Siwezi."

Mrindoko aliondoka na nyama yake. Nakijwa alisali, akalala na njaa.

Asubuhi alikuja Mzee Elinaza, kofia mkononi.

"Jana nilikutana na mdogo wako. Akanicheka: 'Mnaitana ndugu, na dada yenu analala njaa! Nimempa kidari, amekikataa kwa ajili yenu.' Nilihesabu koo, nikasahau kwamba Baba yetu ni mmoja. Unisamehe." Akafungua jani alilobeba. "Hiki kilikuwa cha nyumba yangu. Ni kidari. Dada yetu ni wewe."

Nakijwa alikipokea kwa mikono miwili. Akakikata katikati, akapeleka nusu kwa Mrindoko. Aliita langoni, hakuna aliyeitika, ingawa moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Akaitundika nyama juu ya lango, mbwa wasiifikie, akarudi peke yake.

Wapendwa, imani haikumwondolea Nakijwa upweke siku ile. Ilimpa Baba, na Baba akampa ndugu, ijapokuwa ndugu walichelewa. Basi tunapogawa, tuinue macho kwanza, tuone ni nani angali amesimama na jani lake.