Mtani Aliyefukuzwa Gulioni

"Nina hadithi, jamani!"
"Imwage, tuiokote!"
"Ikitoboka?"
"Tutaishona kwa vicheko!"

Kreee!

Sauti hiyo ilisikika usiku, mara moja tu. Ni Perere, mnyama mdogo akaaye tunduni mwa mti, akimlilia mumewe Nungunungu. Hakumwita kwa jina lake la kuzaliwa. Jina hilo lilipigwa marufuku na Fisi, mkuu wa gulio.

Fisi alikuwa na sheria moja: "Kinachouzwa, nusu yangu!" Muhogo ukiuzwa, nusu yake. Kunde zikiuzwa, nusu yake. Nungunungu alikuwa mtani wake, kwa kuwa babu zao walizikana. Akamcheka: "Fisi, tumbo lako ni gulio la pili!" Akachota kunde kapuni mwake, kama mtani anavyoruhusiwa. Mtani hakasirikiwi, lakini Fisi alikasirika. Akamfukuza ng'ambo ya mto. "Atakayetaja jina lake, namla!"

Misimu miwili Perere alitandika majani ya wawili, akalalia upande mmoja.

Siku moja ya gulio akamwendea Digidigi, akamkwapulia viazi. Nyaku!

"Lete hapa, miguu njiti wewe!" Perere akamtania. "Babu zetu si walizikana?"

Digidigi akacheka. "Walizikana! Chukua, shingo huna!" Naye akakwapua ukwaju wa Perere. Nyaku!

"Nusu yangu!" Fisi akafoka.

"Nusu ya nini, mzee? Nani kauza?" Perere akamjibu. "Tunataniana tu."

Gulio zima likadaka. Kobe nyaku, Kanga nyaku, vicheko kwa-kwa-kwa! Magulio matatu kapu la Fisi likawa tupu. Tumbo nalo: guru, guru.

"Basi nami natania!" Akanyakua kunde.

"Mwizi!" gulio likapiga yowe.

Perere akamsogelea. "Asiye mtani akikwapua, ni mwizi. Mtani wako nani, mzee?"

"Ninaye."

"Mwite basi, kwa jina lake. Akiitika, utakula."

Fisi akatazama ng'ambo ya mto.

Funzo, wasikilizaji: raia mwema hulipa ushuru bila kucheka, na mwenye mtani amfukuze mapema, asije akamzoea. Hadithi yangu imefika mlangoni. Mwenye nyumba aiingize ndani. Ningeufunga mlango sasa hivi, ila tumbo la Fisi liliguruma tena, guru, Perere akabana pumzi, na Fisi akafumbua mdomo, akamwita Nungunungu kwa jina lile alilolipiga marufuku:

"Ndaturu!"